Mlango wa bafu unaopitisha sauti

SWALI: Bafu letu la ndani, hapa Shangani, Mtwara, lina mlango wa kusukuma pembeni, na wageni waliopo sebuleni husikia kila kitu. Tufanyeje?

JIBU: Sauti hupita penye upenyo wa hewa, na mlango unaoning'inia kwenye reli mbele ya ukuta huacha upenyo pande zote, kwa hiyo, kabla ya kununua mlango mwingine, mwambie fundi apigilie ubao wenye mfereji mahali mlango unapoishia, ili ukingo wake uzame humo, kisha abandike vipande virefu vya brashi vya kuziba upenyo pembeni na chini. Mlango mwepesi wenye uwazi ndani huzuia sauti kidogo tu. Mbao nzito huzuia zaidi, mradi reli ihimili uzito. Kwa chumvi ya pwani yetu, chagua magurudumu yasiyoshika kutu. Hata hivyo, mlango wa bawaba wenye fremu iliyobana bado ni bora.