Rivolva ya marehemu babu: weka msasa chini kwanza

Mkuu, umeuliza ufanyeje na rivolva uliyoikuta kwenye sanduku la marehemu babu yako, na kama inafaa kuwa mwanzo wa mkusanyiko; ukaulizia na bastola za shabaha. Umesema na msasa umeshanunua. Nakuomba uuweke chini.

Tuanze na sheria. Usiiguse sana, ihesabu kuwa ina risasi, na usithubutu kuitia kwenye begi ukapanda nayo daladala. Nenda kituoni mikono mitupu, waeleze, polisi watakuelekeza itakavyofikishwa. Leseni ya silaha ni ya mtu, hairithiwi pamoja na shamba na cherehani. Baba mkubwa alipofariki, bastola yake ilikaa polisi mpaka nilipopata leseni yangu mwenyewe chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Nilizungushwa, lakini nilivumilia.

Kosa langu lilikuja baada ya hapo. Ilikuwa Enfield Na. 2, rivolva ya Kiingereza, ile inayokunjuka katikati na kusukuma nje maganda yote sita kwa mpigo. Ilikuwa imefubaa, ina madoa ya kahawia. Nikaisugua kwa msasa, kisha brashi ya waya kwenye drili, ikang'aa kama sufuria mpya. Nikafurahi kweli.

Miezi kadhaa baadaye mzee mmoja wa Upanga, mmiliki wa silaha wa siku nyingi, aliiangalia ubavuni kwa lenzi akaniuliza, "Nani kaifuta hii?" Zilibaki herufi tatu tu: ALB. Ni Albion, kiwanda cha malori cha Glasgow ambacho wakati wa Vita vya Pili kilipewa kazi ya kutengeneza bastola hizi. Mwaka haukusomeka tena. Baba mkubwa alikuwa dereva wa malori maisha yake yote, na mimi ndiye niliyefuta jina hilo kwa mkono wangu. Bado linaniuma.

Kwa hiyo yako, ukishaipata kwa leseni, isome kabla ya kuisafisha. Namba ya kwenye fremu, yaani mwili wa bastola, ilingane na ya kwenye silinda, kile kibweta cha risasi kinachozunguka. Kama ni Enfield, tazama nyundo: zilipoanza kutumika 1932 zilikuwa na kishikio cha kuvutia kwa dole gumba, lakini kuanzia 1938 kiliondolewa kisiwakwamie askari wa vifaru, na nyingi za zamani zikarudishwa kukatwa. Ukikuta yenye kishikio chake cha asili, umepata kitu. Kama ni Webley Mk VI, rivolva nyingine ya Kiingereza, ile kubwa ya risasi za .455 iliyoingia jeshini 1915, tazama nyuma ya silinda. Nyingi zilikwanguliwa zipokee risasi za Kimarekani za .45, na wakusanyaji wanaoijua hawailipii sawa na iliyo nzima.

Ule weusi wenye ubluu wa juu ya chuma, hata ukiwa umechakaa, ndio umri wake. Kutu ya juujuu iloweshe mafuta mepesi, uifute kwa kitambaa cha pamba, urudie kesho na keshokutwa. Na hapa Dar, hasa sisi wa Kigamboni, adui mkubwa ni mfuko wa ngozi. Ngozi hufyonza unyevu wa bahari na kuukumbatisha na chuma usiku kucha. Mfuko wa babu utunze, ni sehemu ya historia, ila ukae mbali na bastola. Yangu naifunga kitambaa chenye mafuta kidogo ndani ya sefu, na kila baada ya mvua za masika naikagua. Jasho la vidole nalo ni chumvi, ifute kila ukiishika.

Bastola za shabaha ulizoulizia ziache kwanza. Ni nzuri, zina vilengeo vya kurekebishwa kwa skrubu na triga laini, lakini kila silaha ina leseni yake, na moja uliyoielewa inatosha kwa sasa.

Ukimalizana na polisi niandikie maneno yaliyochongwa ubavuni. Namba kamili usiiweke hadharani.