Maswali Yenu: Deraya ya Dubu

SWALI: Mhariri, nimeitazama Project Grizzly, filamu ya mwaka 1996 ya Peter Lynch kuhusu Troy Hurtubise wa Kanada na deraya yake ya kumkabili dubu. Anagongwa na lori, anatwangwa na gogo, anaporomoka mlimani, na bado yu mzima. Mbona porini inamshinda? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Kwa sababu majaribio yote hayo yalimtaka apokee pigo tu. Hakuna lililomtaka atembee.

Deraya hiyo, aliyoiita Ursus Mark VI, ilikuwa na uzito wa kilo 67 hivi. Jitwishe mfuko wa saruji wa kilo 50, kisha shika ndoo ya maji lita 17, halafu panda mlima. Kwenye kupokea pigo Hurtubise alifanya kazi ya kuheshimiwa: mabamba magumu hutawanya nguvu isitue mahali pamoja, na tabaka laini la ndani huchelewesha mwili kusimama. Tabaka likibonyea sentimita 4 badala ya 2, nguvu ya wastani hupungua kwa nusu.

Lakini unene huohuo ndio uliomfunga. Kwenye mteremko kifundo cha mguu lazima kipinde, goti likunje, na jicho lione unapokanyaga. Kifundo kikikakamaa, jiwe dogo tu linakuangusha. Jasho nalo halikauki ndani ya mpira, mwili unachemka. Mwaka 2007 alionyesha deraya nyingine, Trojan, ya kilo 18 hivi. Hapo alikuwa ameelewa, na wanaomkumbuka kwa kichekesho tu wanamwonea.

SWALI: Kikundi chetu cha maigizo kinataka deraya ya mabati na sponji. Tuanzie wapi? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Anzeni na viungo, si kifua. Acheni nafasi ya vidole vitatu kwenye kiwiko, goti na nyonga, mzibe kwa kitambaa kizito. Kunjeni kingo zote za bati, maana bati lililokatwa hukata ngozi kama wembe, hasa kwapani na shingoni. Bamba la juu lilalie la chini kama vigae, mvaaji aweze kuinama. Uzito ukae kiunoni kwa mkanda mpana. Ukining'inia mabegani, mikono itakufa ganzi kabla onyesho halijaisha. Mvaaji apande na kushuka ngazi, achuchumae, alale chali na ainuke bila kushikwa mkono. Akishindwa kuinuka, punguzeni bamba la mgongoni kwanza. Na msimpige mtu aliyeivaa ili kuijaribu: ivisheni gunia la mchanga.