Jibu: Nina saa 1,600, mbona sipewi ukapteni?

Salaam ndugu. Umesema una saa 1,600 za kuruka, kati yake 1,400 za urubani msaidizi kwenye Caravan (ndege ndogo ya Cessna yenye injini moja), na kampuni inasema hazitoshi kukupa ukapteni. Anza na logibuku yako, yaani daftari la saa zako za kuruka. Caravan imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja, na kwa kanuni za ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga) saa za msaidizi kwenye ndege ya namna hiyo kwa kawaida hazihesabiwi zaidi ya nusu unapotafuta leseni ya juu, ila mamlaka ya usafiri wa anga ikiidhinisha zote. Hapo unabaki na 900 (700 za msaidizi na 200 nyingine), wakati ATPL, leseni ya juu kabisa ya urubani, inataka 1,500. Nami nilikwama hapohapo.

Lakini ukapteni wa Caravan hauhitaji ATPL. Leseni ya urubani wa kibiashara inatosha. Kinachokuzuia huenda ni masharti ya bima. Omba uoneshwe kiwango cha saa za ukapteni kwa maandishi, usikubali cha mdomo.

Mafunzo yenyewe yanaanzia kiti cha kushoto, ambacho ni cha kapteni, ukiwa na mkufunzi. Mikono ilinisumbua kuliko yote: usukani sasa mkono wa kushoto, nguvu za injini wa kulia. Nilikaa kwenye ndege iliyoegeshwa nikirudia miondoko ya kutua mpaka mikono ikazoea.