Mota ya kati kwa milima ya Kigoma: gia na breki kwanza

Nikipandisha Barabara ya Lumumba kutoka stesheni, dumu la mawese limefungwa kwenye karia na miguu inazunguka bila haraka, lazima atokee mtu wa kuuliza: "Kaka, hiyo mota shilingi ngapi?" Mimi humrudishia swali: baiskeli yako ina gia ngapi, na breki zake ni za aina gani? Wengine huona nawazungusha. Siwazungushi hata kidogo.

Mota za kugeuza baiskeli ya kawaida kuwa ya umeme ziko za namna mbili. Kuna inayokaa ndani ya gurudumu na kulizungusha yenyewe, na kuna hii ya kati, inayoingia pale penye ekseli ya pedeli na kuvuta cheni ileile unayoikanyaga. Ningekuwa naishi Tabora mjini, kwenye tambarare, ningefunga ya gurudumu, maneno yakaisha. Ni rahisi kufunga na haili cheni. Lakini hapa Kigoma ukitoka ziwani huna njia isipokuwa kupanda. Mota ya gurudumu haina habari na gia zako. Mlima ukikaza inazunguka polepole, inavuta umeme mwingi, na sehemu kubwa ya umeme huo inaishia kuwa joto. Ya kati inapitia kwenye gia. Ukishusha gia, mota nayo inapumua.

Ndiyo maana siwashauri watu kuifunga kwenye Phoenix ya gia moja, ingawa najua nitawaudhi wengi. Phoenix ni ngumu, inashuka na gunia la mkaa kutoka vijijini wala hailalamiki. Ila hesabu inaikataa. Tuseme sproketi ya mbele ina meno 46, ya nyuma 18, tairi ni inchi 28. Pedeli zikizunguka mara 90 kwa dakika, mwendo ambao mota hizi zinaupenda, unakwenda kilomita 30 kwa saa. Mlimani na mzigo utashuka hadi 12, na pedeli zitakuwa zinazunguka mara 35 hivi. Mota itaunguruma, itachemka, na faida uliyoilipia hutaiona. Chukua baiskeli ya mtumba yenye gia, tairi la inchi 26, mbele meno yaleyale 46, nyuma weka friwili (lile fungu la sproketi za nyuma) ambayo sproketi yake kubwa ina meno 34. Kwa mizunguko ileile 90 unapanda kwa kilomita 15 kwa saa, mota haina presha.

Kabla ya kulipia chochote, pima fremu. Seti nyingi za mota ya kati, Bafang BBS02 ikiwemo, zimetengenezwa kwa bomba la ekseli lenye upana wa milimita 68 hadi 73, na tundu lake lisipungue milimita 33.5 hivi. Baiskeli nyingi za BMX na za watoto zina krenki ya kipande kimoja na tundu kubwa zaidi. Hizo zinahitaji adapta. Zile za breki ya kukanyaga kinyumenyume achana nazo, kwa kuwa mota ya kati ya kawaida hairuhusu cheni kuvutwa kurudi nyuma.

Kufunga kwenyewe si kazi ya siku nzima, lakini usiikimbize. Fundi ninayemwamini, wa pale mtaa wa Mwanga, alitoa krenki na ekseli ya zamani, akamwaga gololi kwenye kifuniko cha kopo, akafuta grisi nyeusi kwa kitambaa, halafu akaingiza kidole ndani ya bomba na kukizungusha taratibu. "Kijana, hapa kutu imevimba. Tukiilazimisha itaingia, siku ya kuitoa utalia." Nikamwambia sawa mzee. Akachukua tupa ya duara, akasugua kidogo, akajaribu, akasugua tena, mpaka mota ikateleza yenyewe bila kupigwa nyundo. Mota haishikwi na uzi wa bomba; inashikwa na nati inayobana upande wa kushoto pamoja na kibamba chenye meno yanayouma fremu. Nati hiyo hulegea wiki za mwanzo. Shika mota kwa mkono uisukume juu na chini: ikicheza, kaza. Agiza spana yake maalumu pamoja na seti, maana spana ya bomba inatafuna nati.

Sasa breki. Wapo wanaodhani mteremko utawachajia betri. Kwa mota ya kati hausaidii kitu, kwani ukiacha kukanyaga friwili inazunguka bure na mota haiguswi. Nguvu yote ya kushuka inakuja kwenye breki zako. Rimu za chuma za kung'aa zikilowa mvua, raba hazishiki. Zinapiga kelele tu na wewe unaendelea kwenda. Weka rimu za alumini na V-breki, au breki za diski kama fremu ina pa kuzifunga. Tena usiache kufunga zile hendeli za breki zinazokuja na seti, zenye swichi ya kukata umeme. BBS02 inahisi mzunguko wa pedeli tu, haihisi nguvu ya mguu, kwa hiyo huweza kusukuma kidogo hata baada ya wewe kuacha kukanyaga. Kwenye kona ya sokoni iliyojaa watu, hicho kidogo kinatosha kuleta balaa.

Kwenye betri ndiko hela inakokwenda. Betri ya volti 48 na ampia-saa 13 ina wati-saa kama 624. Kwa matumizi ya wati-saa 15 hadi 20 kwa kilomita, unapata kilomita 30 hadi 40. Milima haitishi kama watu wanavyodhani: kuinua kilo 100, yaani wewe, baiskeli na mzigo, kwa kimo cha mita 100 kunahitaji wati-saa 27, na ukihesabu upotevu wa mota ni kama 35. Kuijaza kutoka sifuri ni chini ya yuniti moja ya LUKU. Chaji ikiwa mahali penye hewa, mbali na kitanda na jua, na usiiache mlangoni mnapopitia usiku. Kama haitumiki muda mrefu, iache nusu, isikae imejaa wala tupu. Na ukiwa na ndugu anayekuja kwa ndege, usimsumbue: betri inayozidi wati-saa 160 abiria haruhusiwi kuibeba.

Kitu cha mwisho ni cheni. Mota inaivuta kwa nguvu kuliko mguu wako, na vumbi jekundu la kiangazi linaisaga. Ukibadili gia, acha kukanyaga kwa sekunde moja kwanza. Kwenye mipangilio ya mota unaweza kupunguza ampia kutoka 25 hadi 15. Mlima utaupanda, cheni itadumu. Mimi naifuta kila Jumamosi na kuipaka oili nyepesi. Mawese hapana, hata kama yamemwagika kwenye karia.