Siku watakapokuuliza maana ya kuwa kama mtoto: kwa mwalimu mpya wa darasa la ubatizo

Umepewa darasa la watu wazima, hongera. Wengi hudhani la watoto ndilo gumu kwa sababu ya kelele. Nimefundisha yote mawili hapa Malindi, na kwangu la watu wazima ndilo linalotaka moyo. Mtoto akichoshwa na somo atasinzia mbele yako. Mtu mzima akichoshwa ataitikia "Amina".

Unaogopa Utatu, najua. Utatu hautakusumbua sana, kwa kuwa wanafunzi wako tayari kukiri kwamba Mungu amewazidi. Litakalokutoa jasho ni Mathayo 18: "Msipoongoka na kuwa kama vitoto, hamtaingia kamwe katika ufalme wa mbinguni." Mbele yako ameketi dereva wa tuktuk aliyeamka alfajiri kuitafutia familia riziki, na pembeni yake bibi aliyesomesha wajukuu kwa samaki wa kukaanga. Watu hawa maisha yamewakomaza. Ukiwaambia warudi utotoni bila maelezo, watakutazama kwa adabu tu, na neno halitaingia.

Basi usianze na mtoto. Anza na mstari wa kwanza wa sura hiyo, ambao wahubiri wengi wanauruka. Wanafunzi wa Yesu wanauliza nani mkuu katika ufalme. Ni mashindano ya vyeo, na jibu la Yesu ni kumwita mtoto na kumsimamisha katikati yao. Zama zile mtoto hakuwa na sauti wala mali, na hakuna aliyemtaka ushauri. Waulize darasa: hapa kwetu, shughuli ikiwa kubwa, nani anakula mwisho, na nani anaondolewa kitini mgeni akifika? Watalijibu swali hilo wenyewe, na mkuu wa kamati aliyekaa mbele atacheka kidogo.

Tena usiwaambie kwamba Yesu aliwasifu watoto kwa sababu hawana dhambi. Kama umewahi kugawa kalamu za rangi katika shule ya Jumapili, wajua. Mtoto ana wivu, ana hasira, na uongo anaujua mapema. Sifa yake ni kwamba anapokea. Hana cha kulipia, na wala halioni hilo kuwa aibu.

Kwa jambo hili Marko 10 ni bora kuliko maelezo yako yote. Wasomeshe kuanzia mstari wa 13 hadi wa 27 kwa mfululizo, usiwakatize. Kwanza watoto wanaletwa, wanafunzi wanawakemea, Yesu anachukizwa na kuwakumbatia. Papo hapo anatokea tajiri mwenye adabu, aliyeshika amri tangu ujana wake, akiuliza afanye nini ili aurithi uzima wa milele. Anaondoka na huzuni. Marko hakuzipanga habari hizi mbili pamoja kwa bahati. Mmoja amekuja mikono mitupu, mwingine mikono imejaa, na huyo wa pili ndiye anayefanana na sisi. Utamsikia mwanafunzi akikueleza miaka aliyoacha pombe, michango aliyotoa kanisani, kisha akuulize kama "atapita". Wamezoea mitihani, na hata ubatizo wanauona kama cheti. Hapo ndipo pa kukaa. Mimi huwa natumia vipindi viwili kwa aya hizo, na sioni haraka ya nini.

Sasa niseme lile ambalo mwalimu wa Nairobi au Kisumu anaweza kulipita, lakini wewe uliye hapa huwezi. Kuna mtu atanyanyua mkono aulize: na wale wa Shakahola, si walikuwa na imani ya mtoto?

Shakahola si habari ya mbali kwetu. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule, watoto wakiwemo, na mochari ya hospitali ya Malindi ndiyo iliyoipokea. Kwa maelezo ya walionusurika, watu walifundishwa kufunga mpaka kufa ili wakamwone Yesu, baada ya kukatazwa shule na hospitali. Kwa hiyo swali likija, nyamaza kwanza. Huenda darasani mwako kuna mtu mwenye ndugu aliyepotelea kule na hajamwambia yeyote. Usiwacheke waliofariki, usiwaite wajinga. Na tafadhali usiligeuze jambo hili kuwa kionjo cha kuamsha darasa lililolala.

Kisha fungua sura ileile ya 18. Mistari minne tu baada ya mtoto kusimamishwa katikati, Yesu anamtaja anayewakosesha wadogo wanaomwamini, na kusema ingemfaa zaidi afungwe jiwe la kusagia shingoni akatoswe baharini. Wanafunzi wako wanaishi kando ya bahari, hawahitaji kuelezwa. Yeyote anayenukuu mstari wa tatu ili watu wamtii, na asifike mstari wa sita, huyo umtilie shaka. Utoto unaotakiwa ni mbele za Mungu. Mbele ya mhubiri, mkubwa kwa mdogo, mwaminio ni mtu mzima mwenye akili zake. Paulo anawaambia Wakorintho wazi wazi wasiwe watoto katika akili. Katika uovu ndipo wawe wachanga. Watu wa Beroya, katika Matendo 17, wanasifiwa kwa kuwa walimsikiliza Paulo kwa hamu na bado wakayachunguza Maandiko kila siku kuona kama asemayo ni kweli. Kama mtume alichunguzwa, wewe na mimi ni nani?

Hili lina gharama kwako. Weka Biblia mkononi mwa kila mmoja, na asiyejua kusoma akae karibu na anayejua. Ukinukuu, taja sura na mstari, nao wafungue. Usimwombe mwanafunzi siri, usimwombe pesa, usimwambie Mungu amekuonyesha aolewe na nani. Akikuomba umwamulie kama apeleke mtoto hospitali, mwambie apeleke leo, kisha muombe pamoja.

Maswali yaache yaje. Katika mila zetu nyingi kumhoji mkubwa ni utovu wa adabu, kwa hiyo watu wazima humeza maswali yao na kuyaita imani. Mtoto haulizi "kwa nini" kwa sababu eti hamwamini mamaye. Anauliza kwa sababu ana hakika atajibiwa. Mariamu mwenyewe aliuliza: "Litakuwaje neno hili, maana sijui mume?" Mwanafunzi mkali atakurudia na Zakaria, aliyeuliza pia akawa bubu. Usimkimbie. Zakaria alitaka uthibitisho, Mariamu alitaka kuelewa, na kwa mdomo maswali hayo yanakaribiana mno. Lakini hata Zakaria mtoto alimpata. Na kuna yule baba wa Marko 9 aliyelia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Sijaona mahali Yesu alipomkemea.

Swali la maombi yasiyojibiwa lisikukute bila kujiandaa. Mvuvi atakuambia ameomba samaki kusi nzima na mashua imerudi tupu, na Mathayo 7 inasema baba hampi mwanawe nyoka akiomba samaki. Usimtafutie dhambi iliyomzuia, na usimpeleke kwa wale wa "panda mbegu uvune", wanaoahidi baraka kwa anayetoa pesa. Mpeleke Gethsemane. Yule aliyekuwa Mwana kweli, aliyesema "Aba, Baba", aliomba kikombe kiondolewe, nacho hakikuondolewa. Hakuacha kumwita Baba. Zaidi ya hapo mimi sina, na ni afadhali uishie hapo kuliko kubuni.

Kuna wengine ambao neno lenyewe "baba" linawauma. Baba alikuwa mlevi, au mkono wake ulikuwa mwepesi, au hakuwahi kuonekana. Usiwalazimishe. Waanzishe na Zaburi ya 131, fupi kuliko tangazo la harusi, ambamo nafsi imetulizwa kama mtoto aliyeachishwa kwa mama yake. Aliyeachishwa, angalia. Huyu halilii maziwa tena, amekaa tu kwa mama kwa sababu anataka kuwa hapo. Nawapenda sana akina mama wanapoisikia mara ya kwanza, kwa maana wao hueleza vizuri kuliko mimi zile wiki za kumwachisha mtoto: vilio, hasira, kisha siku moja anakuja kulala kifuani na haombi kitu. Waachie nafasi waeleze. Wanaume nao watasikiliza.

La mwisho ni la kazi tu. Waombapo kwa sauti, watu wazima huvaa Kiswahili cha mimbari, "Ee Mwenyezi uliyetukuka", kwa dakika nzima kabla hawajasema shida. Waruhusu waombe kwa lugha ya nyumbani. Mgiriama akiomba Kigiriama sentensi zinafupika zenyewe, na wengine wasioelewa wataitikia Amina bila taabu. Anza na mwenye haya zaidi kwa kumwambia aseme neno moja tu la kushukuru, na wewe mwalimu uombe mwisho, kwa ufupi kama wao.