ARRI ni majina ya watu
Wengine hudhani ARRI, kampuni ya kamera za filamu, ni kifupisho cha maneno ya kiufundi. Hapana. Ni herufi mbili mbili za mwanzo za Arnold na Richter: August Arnold na Robert Richter, walioanzisha kampuni Munich mwaka 1917. Ila kamera iliyowapa heshima hasa ni Arriflex 35 ya 1937. Shata yake, yaani sehemu inayofungua na kuziba mwanga unaoingia kwenye filamu, ina kioo kinachozunguka, kwa hiyo ukichungulia unaona kupitia lenzi ileile inayopiga picha. Hubahatishi fokasi wala fremu. Wazo dogo, lakini lilibadilisha kazi nzima ya kupiga filamu. Usiichanganye na Alexa tu, kamera nyingine ya ARRI: hiyo ni dijitali, imetoka 2010, haina mkanda ndani.