Gereji ya Wasomaji: Transfa, low na mafuta yanayohama

Barua za safari hii karibu zote ni za Land Rover Defender zenye transfa ya LT230, na moja ya Suzuki. Transfa ni boksi lililo nyuma ya giaboksi, linalopeleka nguvu mbele na nyuma na lenye gia mbili: high ya barabarani na low ya mwendo wa pole wenye nguvu. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Mafundi, shikamooni. Nina Defender 110 ya injini ya 300Tdi, nabebea watalii. Kila nikikagua, giaboksi imepungua mafuta, lakini chini hakuna hata tone. Nikifungua nati ya kipimo ya transfa, mafuta yanamwagika. Fundi wangu ananiambia nilizidisha. Sikuzidisha. Yanatoka wapi? (Msomaji, Karatu)

Marahaba. Yanatoka kwenye giaboksi yako mwenyewe. Pale giaboksi ya R380 inapoungana na transfa kuna oilsili inayotenganisha mafuta ya pande mbili. Ikichakaa, mafuta huvuka kutoka boksi moja kwenda jingine na sakafu inabaki kavu. Uthibitisho ni rahisi: R380 hutumia mafuta mepesi ya MTF94, transfa hutumia 80W-90 ya EP (ya kuhimili shinikizo kubwa), mazito na yenye harufu kali ya salfa. Yatakayotoka kwenye transfa yakiwa mepesi na harufu imefifia, basi yamechanganyika. Fundi wako hakukosea kuona yamezidi, amekosea tu kukusingizia wewe.

Transfa iliyozidi mafuta hujitetea kwa kuyasukuma nje kupitia oilsili zake za mbele na nyuma. Giaboksi iliyopungua haina utetezi, ndiyo inayokufa. Mpaka upate nafasi ya kushusha boksi, kagua pande zote mbili kila wiki, gari likiwa sehemu tambarare.

Kazi yenyewe inataka transfa ishuke. Kabla ya spana yoyote, weka vigingi mbele na nyuma ya matairi. Hendibreki ya Defender haikamati matairi, inakamata shafti inayotoka nyuma ya transfa. Ukishafungua propela ya nyuma (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli), hendibreki haishiki kitu tena na gari linaweza kukufuata huko uvunguni. Weka alama kwenye flenji za propela zote mbili ili zirudi zilivyokuwa. Nati zake ni za spana ya 9/16, na wakati wa kurudisha hukazwa kwa Nm 47. Kumbuka pia kwamba mauntingi (vikalio vya mpira) za pembeni zinazobeba transfa ndizo zinazobeba mkia wa giaboksi. Weka jeki chini ya giaboksi kwanza, ndipo ulegeze mauntingi, la sivyo injini nzima italala nyuma na kuvuta mabomba. Transfa yenyewe haibebwi kifuani na mtu mmoja: tafuta jeki ya giaboksi, na badala ya bolti mbili tatu za juu weka stadi ndefu ili boksi litoke na kurudi likiwa limenyooka. Likirudi limepinda, ncha ya shafti huikata oilsili mpya na kazi yote unaianza upya.

Oilsili ni ya bei ndogo, kazi ndiyo kubwa, kwa hiyo boksi likiwa chini angalia mambo mengine mawili.

La kwanza ni splaini, yale meno marefu ya shafti ya giaboksi yanayoingia ndani ya gia ya kwanza ya transfa. Katika transfa za zamani sehemu hii ilikuwa haipati mafuta ya kutosha. Chuma husagana na chuma bila ulainisho, kikatoa unga mwekundu kama kutu, na mwisho meno huisha kabisa: injini inanguruma, gia imeingia, gari halisogei. Dalili ya mapema ni mlio wa "tak" kila ukikanyaga na kuachia mafuta. Wenye gari zima wanaweza kukagua bila kushusha kitu. Mwaga mafuta, fungua kifuniko cha nyuma cha PTO (pale pa kutolea nguvu ya kuendesha mashine nyingine), weka giaboksi kwenye gia na transfa katikati kati ya high na low, kisha tikisa ile gia ya kwanza ya transfa kwa mkono. Ikicheza huku ncha ya shafti imetulia, splaini imeliwa. Dawa ni gia ya toleo la baadaye, iliyotobolewa matundu ya kupitisha mafuta hadi kwenye meno. Ukifungua na kukuta yako haina matundu, usirudishe ya zamani hata kama bado nzuri. Na kama meno ya shafti yameliwa sana, gia mpya peke yake ni hasara, italiwa nayo.

La pili ni shafti ya kati. Ni chuma kilichokaa ndani ya kasha la aluminiamu, kikizibwa na oringi (pete za mpira) mbili, na kila nguvu ya gari, iwe high au low, hupitia gia zilizo juu yake. Miaka ikipita, shafti hulikuna tundu la kasha mpaka likawa yai. Hapo oringi mpya itazuia mafuta kwa miezi michache tu, na silikoni ya kupaka nje ni kujidanganya. Kasha lipelekwe kwa mkereza vyuma, tundu litanuliwe liwekewe bushi ya chuma, kisha shafti mpya na oringi mpya.

Nunua lita 3 za 80W-90. Transfa huchukua kama lita 2.3 ukibadilisha na 2.8 ikiwa kavu kabisa. Kwa giaboksi nunua lita 3 za MTF94, itachukua 2.67. Jaza transfa hadi mafuta yaanze kuchuruzika kwenye tundu la kipimo, subiri yaache, ndipo ufunge. Nati za kumwagia na za kipimo hukaa kwenye aluminiamu, Nm 30 zinatosha. Wanaozikaza kwa bomba refu ndio wanaotuandikia baadaye kuuliza namna ya kutengeneza uzi ulioliwa.

Low inaruka nikiteremka mlima. Kwenye kupanda imetulia kabisa. Nimeambiwa ninunue transfa nyingine. (Msomaji, Isiolo)

Usinunue bado. Ukipanda, injini inasukuma magurudumu. Ukiteremka, magurudumu yanasukuma injini, na boksi zima hujipinda upande wa pili. Kama mauntingi moja imekatika mpira, boksi huinuka na kuvuta wenzo wa low. Chomeka bari kati ya boksi na chasisi, inua kidogo: ikipanda zaidi ya sentimita moja, badilisha mauntingi zote mbili kwa pamoja.

Zikiwa nzima, chungulia pale kwenye wenzo. Zulia nene au mpira wa sakafu usio wake huzuia wenzo kufika mwisho, gia ikaingia nusu. Baada ya hapo, fungua viungo vya wenzo pale juu ya transfa na ingiza low kwa mkono moja kwa moja kwenye boksi. Ukisikia mbonyeo safi na ukaendesha bila kuruka, ugonjwa ni viungo au marekebisho yake. Usiposikia mbonyeo, springi na gololi inayoshikilia shafti ya uma (mkono wa ndani unaosukuma gia) imechoka, na hiyo ni kazi ya nusu siku. Ikiwa mbonyeo upo na bado inaruka, ndipo uma na meno ya habu (kitovu ambacho gia hujifunga nacho) ndani yanashukiwa, na boksi lifunguliwe. Meno ya habu huliwa na watu wanaoingiza low gari likikimbia. High kwenda low, simama kabisa, au usizidi kilomita 8 kwa saa.

Nimepata transfa ya Discovery 1 kwa bei nzuri. Nikiifunga kwenye Defender yangu nitapoteza nguvu ya low? (Msomaji, Mbeya)

Hapana. Low ya LT230 zote mbili ni 3.32. Kinachobadilika ni high: Defender yako ni 1.410, ya Discovery ni 1.222. Injini iliyokuwa ikizunguka mara 2,800 kwa dakika barabarani itazunguka kama 2,430 kwa mwendo uleule. Kelele zitapungua, na ulaji wa mafuta pia ikiwa unakwenda mtupu. Ukibeba mzigo na kupanda Kitonga utashuka gia moja chini ya uliyozoea, na tukisema ukweli, gari la mzigo la huko nyanda za juu tungeliacha na 1.410.

Usimwamini muuzaji kwa maneno. Fungua kifuniko cha PTO, weka high, funga difu loki (kufuli inayofanya propela ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja), kisha zungusha flenji ya kutokea mizunguko 10 kamili huku mwenzako akihesabu ya gia ya kuingilia. Ikifika 14 na chembe, umeuziwa ya Defender. Ikiwa 12 na robo hivi, ndiyo.

Suzuki SJ413 yangu naitaka itambae kwenye mawe. Gia za transfa za low ya 4.16 zinafaa? (Msomaji, Nanyuki)

Zinafaa, na tunazipendelea kuliko 6.5 kwa gari ambalo bado linatembea barabarani. Low ya kiwandani ni 2.268. Ukizidisha na gia ya kwanza 3.652 na difu 3.727 unapata karibu 31 kwa 1. Injini ikiwa sailensa (bila kukanyaga mafuta) ya mizunguko 800 kwa dakika na tairi za 205/70R15, gari hutambaa kilomita 3.3 kwa saa. Ukiweka 4.16 inakuwa 57 kwa 1, na mwendo unashuka hadi 1.8. Hapo hukanyagi breki wala klachi, unaongoza usukani tu.

Gharama yake: seti hii hushusha na high kwa asilimia 12, kwa hiyo kwenye lami injini itapiga kelele zaidi, isipokuwa kama tairi zako zimeongezwa ukubwa. Transfa ya Suzuki hii imekaa peke yake, imening'inia kwa mauntingi tatu za mpira, na nguvu mpya huzikata mapema; nunua ngumu pamoja na gia. Wakati kasha liko wazi badilisha beringi na oilsili zote, kisha kabla ya kufunga zungusha gia zote kwa mkono mzunguko mzima, high na low, uone hakuna jino linalogusa kasha. Mafuta ni lita 0.8 tu, ndiyo maana uvujaji mdogo unaliua boksi hili haraka. Yamwage baada ya kilomita 500 za kwanza, vyuma vipya hutoa unga. Ukiwa kwenye mawe usikanyage mafuta kwa nguvu usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, kwa sababu sasa kinachofuata kukatika ni jointi za ekseli ya mbele.

Taa ya difu loki haizimi hata nikirudisha wenzo. (Msomaji, Usa River)

Umeifunga kwenye ardhi ngumu na propela zimejikaza. Rudi nyuma mita chache huku ukikata usukani kidogo kushoto na kulia, itaachia. Isipoachia, viungo vya wenzo vimeshika kutu: vipulizie mafuta ya kulegeza, vichezeshe, vipake grisi, na uifunge na kuifungua difu loki angalau mara moja kwa mwezi, kwenye vumbi.

Nilivuka mto maji yakafika mlangoni. Nibadilishe mafuta ya transfa sasa au nisubiri sevisi? (Msomaji, Ifakara)

Legeza nati ya kumwagia leo, asubuhi kabla hujawasha, maji yakiwa yametulia chini. Yakitangulia maji, au mafuta yakiwa meupe kama maziwa, mwaga yote, jaza mapya, endesha kilomita 50, mwaga tena. Kisha fuata bomba la kupumulia kutoka juu ya boksi hadi mwisho wake na ulipulize kwa mdomo. Likiwa limeziba, boksi la moto likiingia maji baridi hufyonza maji kupitia oilsili, na safari ijayo itakuwa hivyohivyo.